Mchoro Wangu wa Chumba cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimenyamazishwa katika ofisi ya kaunti. Mimi!

Nilikuwa nimejichorea mwenyewe chumba cha kuongeza nyumbani hapa Mowlem. Niliapa sitamwajiri msanifu. Sheria nimesoma, rula ninayo, na mdomo wangu mnaujua.

Chumba ni cha mama mkwe. Anatoka Vihiga kuja kutibiwa macho.

Nilifika tayari kwa vita, nikingoja mtu aniombe chai. Wapi! Afisa, mama mmoja mtulivu, aliutazama mchoro polepole.

"Vipimo si vibaya. Nani atalala hapa?"

"Mama mkwe."

"Na mlango wake unatokea wapi?"

"Sebuleni."

Akavua miwani.

"Baba, si wewe ni wa kwetu magharibi?"

"Ndiyo."

"Na mama mkwe atakuwa akikupita hapo kwenye kochi na taulo, akienda kuoga?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Kwa mila zetu, mama mkwe hata mkono hanipi! Nimekariri kanuni za kaunti, nikasahau za kwetu.

Nikampigia mke wangu. Kwani hakuuona huo mchoro?

"Niliuona. Nikamweleza Mama. Unadhani kwa nini anaahirisha safari na macho yanazidi kufifia?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuweza kwa maneno?"

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi, nauchora mlango upya, utazame uani.

Haya, chekeni. Leo tu, sijibu mtu.