Moto Ndani ya Pacha wa Maktaba

Nilikuwa nimefanya kazi katika maktaba ile ya Voi miaka mingi bila kuiogopa. Hofu iliniingia siku fundi wa kompyuta, binti wa mwenye duka mmoja wa pale mjini, alipomaliza kutengeneza pacha wa jengo letu: maktaba nzima ndani ya skrini, rafu, meza na milango, na vidoti vikitembea jinsi wasomaji wetu wanavyotembea.

Tulitaka tu kujua tupange vipi meza wakati wa likizo. Lakini akaniambia, "Mama, hebu tujaribu na moto."

Akauwasha kwenye skrini, karibu na kaunta. Vidoti vikakimbilia mlango wa mbele, vikasongamana. Vile vya kona ya watoto havikutoka.

"Na mlango wa nyuma?" nikauliza.

"Mliuziba kwa matofali, mkaegemeza rafu hapo hapo. Vidoti havipiti msipopita nyinyi."

Mkubwa wetu alipoambiwa alisema tungoje kikao. "Jengo liko hivyo tangu nihamie Voi. Hiyo ni kompyuta tu."

Shule zilifungwa wiki hiyo hiyo. Watoto wakajaa, wengine wametoka Kasigau kukaa na jamaa zao mjini. Kila niliponusa moshi wa jiko la chapati kule nje, niliacha kazi nikaenda kuwatazama. Niliihamisha mikeka yao karibu na mlango wa mbele, watu wazima wakalalamikia kelele, nikaamriwa niirudishe. Nilianza kukosea hata mihuri ya vitabu.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimwomba mkubwa aketi mbele ya skrini, na fundi akarudia moto ule.

"Hawa wasiotoka ni akina nani?" mkubwa akauliza.

"Ni watoto, mzee," nikamjibu.

Aligeuka akatazama kona. Binti yake mwenyewe alikuwa mkekani, akipaka rangi picha ya pundamilia. Kesho yake waashi walikuja na nyundo kubomoa matofali ya mlango wa nyuma, na fundi alipofungua mlango huo ndani ya pacha pia, vidoti vyote vilitoka.

Nilidhani nitatulia. Moto haujatokea, na watoto bado wanajaa. Lakini kanisani mume wangu akinivuta tukakae mbele, mimi humwambia atangulie. Natafuta kwanza njia ya kutokea, kisha nakaa karibu nayo, mkoba mapajani.