Maji ya Kuloweka Miguu ya Bibi

Maji ya moto ya nyumbani kwetu Mulongwe, mjini Uvira, yalinuka udongo. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa ile ya uani mvua inapoanza kudondoka, ikachanganyika na kutu kidogo, na ilijaa bafuni kila mtu alipofungua bomba. Maji yalitoka kwenye boileri, mtungi mweupe wa umeme ambao Baba aliununua Bujumbura, akauvusha mpakani juu ya mizigo yake ya vitenge na kuutundika ukutani kwa fahari ya bwana harusi. Mtaani petu hakuna mwingine aliyekuwa nao. Baba hakuununua kwa kujionyesha, au tuseme si kwa hilo tu. Aliununua kwa ajili ya mama yake, Bibi Zuhura, ambaye kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni. Ungeweza kumchoma mwiba asishtuke, lakini mwenyewe alilalamika kwamba miguu yake ni ya baridi, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilimjazia beseni. Nilikuwa na miaka tisa, na kazi hiyo sikumwachia mtu. Nilifungua bomba, nikabeba beseni kwa mikono miwili, nikaliweka mbele ya kiti chake. Bibi alitia chumvi, akayasomea maji dua zake taratibu, akayapulizia mara tatu, ndipo akazamisha miguu. Hakuna mkono wa mtu ulioruhusiwa kugusa maji yale kabla yake, hata kidole. Alisema ukishayachezea, dua haina pa kukaa. Nasi tulishika hivyo, kama watoto wa nyumba nyingine walivyoshika kuvua viatu mlangoni.

Masika ya mwaka ule mto ulijaa, na maji ya bomba yakaanza kuja mekundu. Boileri nayo ikaharibika tabia. Ilitoa maji ya vuguvugu, kesho yake baridi tupu, keshokutwa moto wa dakika moja kisha baridi tena. Bibi alikuwa akitoa miguu na kusema, "Leo tena, mama?" Mama ni mimi, ndivyo alivyoniita. Iliniuma sana. Nilikuwa nimewahi kumsikia Baba akimweleza rafiki yake kwamba chini ya mtungi, ndani ya kifuniko, kuna kigurudumu kidogo cha kupandisha joto, na kwamba atakayekigusa atamtambua. Siku moja Baba akiwa sokoni nilipanda juu ya ndoo, nikafungua kifuniko kwa kisu cha mezani, nikakizungusha kigurudumu mpaka kikagoma. Kesho yake maji yakatoka baridi vilevile. Nikajiambia sikuharibu kitu, nikasahau.

Mwishowe Baba alimwita fundi Elia. Alikuwa mtu wa huko juu milimani, mlokole mpole, aliyeshuka Uvira kutafuta kazi, na ya umeme aliijua kuliko wote waliozaliwa hapa kando ya ziwa. Alikata umeme, akafungua mtungi chini, na kilichotoka hakikuwa maji bali uji. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, tope jekundu zito. Mimi nilikuwa nikizimwaga nje. Alituonyesha chuma cha kupashia maji, kimevaa tope gumu kote, akacheka na kusema hata yeye akivalishwa makoti kumi hawezi kumpasha mtu joto. Alikikwangua, akasafisha, akarudisha kila kitu mahali pake. Halafu akakiona kigurudumu.

"Mzee, iko mutu aliguza hapa? Iko mpaka mwisho."

"Hapa kwangu hakuna mutu anaguzaka ile kitu," Baba alijibu. "Walipima Bujumbura. Uache vile iko."

"Nishushe kidogo, Mzee? Sasa iko safi, itachemusha sana."

"Nimesema uache!"

Nilikuwa mlangoni na ndoo tupu. Neno moja tu lingetosha. Lakini nilimwogopa Baba, na mkanda wake niliufahamu, nikafyata mdomo. Fundi Elia alifunga kifuniko. Akitoka alimwambia mama yangu kwamba kesho, kabla mtu hajaoga, wayapime maji kwa mkono. Hakujua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na beseni moja lisilopimwa na mtu.

Asubuhi ile mvuke ulipanda kutoka kwenye beseni mpaka usoni kwangu, nami nilifurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe, kwamba nilifurahi. Bibi aliyasomea, akayapulizia, akazamisha miguu yote miwili, akakaa. Alinitazama akatabasamu, hakusikia lolote. Alipoitoa ndipo Mama alipopiga ukelele.

Vidonda havikupona. Kiangazi kilipoanza tulimzika Bibi. Baba, miezi ile yote, alikuwa na wimbo mmoja tu, dukani, msikitini, barabarani: yule mtu wa huko juu ndiye aliyemuunguza mama yake. Watu walikuwa tayari kuamini kwa sababu alitoka huko juu, na watu wa milimani walihesabiwa wageni hapa kwetu; hakuna aliyemwita tena kufanya kazi. Hata hivyo alikuja matangani. Alinyoosha mkono kwa Baba, Baba akaangalia pembeni. Nilingoja aseme, "Ni weye ulinikataza." Alikaa kidogo nyuma ya wanaume, akaondoka, na baada ya wiki chache tukasikia amerudi kwao. Mimi nilikuwa najua yote, nikala wali wa matanga.

Sasa nina nyumba yangu, na boileri yangu ni mpya, ina namba zinazowaka kukuonyesha joto. Wanangu wakiharibu kitu hunijia mbio kuniambia, wakati mwingine wanacheka, na mimi hukasirika kidogo, kisha nashukuru. Baba ni mzee sana. Kisukari kimemshika yeye pia, na mimi ndiye ninayemwosha miguu. Mwaka jana, nikiwa nimeishika miguu yake, nilipiga moyo konde nikamwambia habari ya ndoo, kisu na kigurudumu. Nililia kama mtoto. Yeye hakulia. Aliniuliza fundi Elia yuko wapi. Nikamweleza nilichokijua, maana nilikuwa nimeulizia: alikufa miaka mingi iliyopita, watu wa kijiji chake wametawanywa na vita, na hakuna anayejua mke na watoto walikimbilia wapi.

"Ungeniambia siku ile, binti yangu," alisema, "ningekupiga, ingeisha. Miye ndiye nilimukataza kushusha, nikamutupia yeye. Sasa nitaomba nani samahani?"

Nilimfuta miguu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, nikamvisha soksi.