Mjukuu Wangu Si Ngamia

Mwaka ule Garissa tulikula nyama bila hamu. Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu, na mbuzi aliyeonekana kuyumba asubuhi alichinjwa kabla ya adhuhuri, maana akifa mwenyewe ni haramu na hasara inakuwa mara mbili. Nyama yenyewe ngumu, haina mafuta hata ya kupaka kidole. Maziwa ya ngamia yaliadimika, tukatia chai maziwa ya unga, na mimi niliyezaliwa zizini nikainywa chai hiyo huku nimefumba macho.

Ndio mwaka mjukuu wangu alipoacha kula hata hicho kidogo.

Alikuwa na miaka tisa, binti wa mwanangu wa kwanza. Nikisema ndiye msichana mwerevu kuliko wote mtaani kwetu, sisemi kwa sababu ni wangu, nasema kwa sababu ni kweli. Kiswahili changu kilikuwa cha soko la mifugo, cha kubishana na wanunuzi wa Nairobi, na masomo yangu yote yalikuwa ya duksi, Kurani kwenye ubao. Yeye ndiye aliyenifundisha kukiandika.

Alikuwa na rafiki mmoja. Walienda shule pamoja, duksi pamoja, wakichekea mambo ambayo hayachekeshi. Ukame ulipomaliza mifugo ya baba wa yule mtoto, baba alipata kazi ya kuendesha lori la maji Dadaab, akahamisha jamaa yake yote. Siku ya kuondoka wasichana walibadilishana mitandio palepale kwenye kituo cha mabasi. Midomo ya mjukuu wangu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimemshika mkono, nikamminya vidole.

"Nyamaza," nikamwambia. "Watu wa kwetu hawalii barabarani."

Akanyamaza. Nikaona fahari. Nikasema moyoni, huyu ametoka kwangu.

Na alinyamaza kweli. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikimuuliza mimi bibi yake kama yuko sawa anasema, "Niko sawa, ayeyo," kwa sauti ya mtu anayejibu akiwa chumba kingine. Anjera, chapati yetu laini ya asubuhi, anaichanachana vipande vidogo, anavipanga ukingoni mwa sahani, anainuka. Mikono ikabaki mifupa. Mwalimu akaniita kuniambia amempiga msichana mwenzake kwa sababu alikalia nafasi iliyokuwa wazi kando yake. Mtoto ambaye hajawahi kumpiga hata mbuzi. Nikampeleka zahanati: malaria hakuna, minyoo hakuna. Nikamsomea Kurani, nikamfukizia ubani. Bado.

Basi nikakumbuka ngamia.

Nilikulia upande wa Hadado. Kukamua ngamia kwetu ni kazi ya wanaume, lakini baba yangu kabla hajakamua aliniita mimi, msichana mdogo vile, nimwangalie jike usoni nimwambie leo yukoje. Nilijua. Sikio likilala nyuma, ana hasira. Akigeuza shingo kutazama njia waliyotokea, anamtafuta mwenzake. Mdomo wa chini ukining'inia na hacheui, ana huzuni, na mwenye huzuni hateremshi maziwa hata umwimbie mpaka koo likauke. Ndama wake akifa, tulifanya hivi: ndama anachunwa, ngozi yake anavikwa ndama mwingine, analetwa mbele ya mama. Mama ananusa, ananusa tena, analamba. Maziwa yanashuka. Nimeona kwa macho yangu mara nyingi.

Mmeshajua nilikokuwa naelekea.

Alasiri moja mjukuu alipokuwa duksi, niliuchomoa ule mtandio wa rafiki yake chini ya mto wake wa kulalia. Ulikuwa wa kijani, wa shule, una doa la wino pembeni. Nikamwita mtoto wa jirani, msichana wa rika lake, mnene, mpole. Nikamfunga mtandio, nikaubana kwa pini kidevuni, nikamketisha mkekani mbele ya sahani ya wali na nyama.

"Kaa hapa. Akija, mchekee."

"Nile au nisile?"

"Usile bado."

Mke wa mwanangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama mtoto wa jirani, akanitazama mimi. Yeye ni wa Kotile, kwao pia ni wafugaji, hakuhitaji kuelezwa.

"Hoyo," akasema, akiniita mama kama mumewe anavyoniita, "mtoto wangu si ngamia."

"Nani kasema ni ngamia? Rudi kwa chai yako, inamwagika."

"Mama wa ndama hunusa, hoyo. Na huyu pia ana pua."

"Inamwagika, nimekuambia."

Mjukuu akaingia, ubao wa duksi kwapani. Kwanza aliuona mtandio. Uso ukafunguka wote, meno nje, na kwa muda wa kumeza mate nikadhani nimeshinda. Kisha mtoto wa jirani akamchekea kama nilivyomwagiza. Ule uso ulivyojifunga sitausahau. Alimwendea, akafungua pini polepole, akautoa mtandio, akaupeleka puani. Akaugeuza, akanusa upande wa pili. Mtoto wa jirani alikuwa amepakwa mafuta ya nazi siku hiyo, kichwa kizima.

"Ayeyo," akasema, "harufu yake ilikuwa imebaki. Umeitoa."

Akakaa chini, akalia.

Kilikuwa kilio cha kituo cha mabasi, kimekaa mle ndani wiki zote hizo, na sasa kilitoka na kamasi na kikohozi. Nikasimama pale kama mtu aliyemwaga kibuyu cha mwisho. Mimi ninayesoma sikio la ngamia kutoka ng'ambo ya kisima. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna mbele ya macho yangu, kila jioni shingo imegeukia mlango, nami nikampeleka kupimwa minyoo. Tena ngamia sikuwahi kumwambia anyamaze. Akihuzunika nilikaa karibu yake, basi. Huyu wangu nilimminya vidole.

Nikaketi, nikamvuta mapajani, mwili mwepesi kama kuni kavu. "Nimekosa," nikamwambia. Neno hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote mdogo kuliko mimi. "Niambie. Inauma wapi?"

Akasema kwa vipande, kati ya kwikwi. Kwamba ana hasira na rafiki yake kwa kuondoka. Kwamba ana hasira na nafsi yake zaidi. "Yeye alilia dirishani, ayeyo. Mimi akaniona nimesimama tu. Atafikiri sikumjali."

Nikambembeleza mgongo.

"Sasa naweza kula?" akauliza mtoto wa jirani.

"Kula," tukamjibu sote wawili kwa pamoja, na mjukuu wangu, akiwa bado analia, akanyoosha mkono akachukua pande la nyama kwenye sahani ile ile. Akalitafuna huku machozi yanamwingia mdomoni. Gumu vile, lakini alilitafuna.

Hapo ndipo mwanangu akaingia kutoka kazini, faili mkononi, viatu hajavua. Kilio alikuwa amekisikia tangu barabarani.

"Hoyo, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mbona analia hivyo? Majirani wamesimama nje wanasikiliza. Mwambie anyamaze."

"Sitamwambia anyamaze. Alie mpaka achoke mwenyewe."

Akanitazama kama nimezungumza lugha ya watu wengine. "Wewe, hoyo? Siku nilipovunjika mkono, ni nani aliyesema nikilia atanivunja wa pili?"

"Mimi."

"Na leo?"

"Leo nimesema nilichosema."

"Kuna wazee wanakuja hapa baada ya magharibi, hoyo, watu wa heshima. Wakute mtoto anapiga kelele kama ameonewa? Neno moja tu kutoka kwako, atanyamaza. Anakusikiliza wewe kuliko mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na mtoto alilijua. Alishika pumzi kifuani pangu, pande la nyama limesimama shavuni, macho mekundu yananitazama yakingoja neno. Mamake alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko wake, naye anangoja. Nikamtazama mwanangu, nikarudia:

"Sitamwambia anyamaze. Alie mpaka achoke mwenyewe."