Graphics card ya MB 256 na ya MB 128: tulichokiona tulipozipima kwa nyumba ya Mikindani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na namba zake nimezikokotoa kwa mkono wangu. Pale nilipoambiwa tu, nitasema niliambiwa.

Nimesukumwa na mjadala wa juzi, ambapo wengi walishikilia kuwa kadi yenye memory kubwa ndiyo yenye nguvu. Hoja hiyo niliikuta Mtwara katikati ya miaka ya elfu mbili, nikapata nafasi ya kuipima.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu kufundisha fizikia, naishi Ufukoni. Mpwa wangu Somoe, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo.

Ukoo wetu una nyumba ya mawe Mikindani. Paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Bakari, binamu yake Somoe, alitaka ivunjwe zijengwe fremu za maduka, na wengi walikuwa pamoja naye. Neno la mwisho lilikuwa la dada yetu mkubwa, Bi Zuhura. Alisema atazisikiliza pande zote siku ya kisomo cha marehemu mama yake Somoe, kisha ataamua.

Kwetu mjomba husikilizwa. Ningeweza kusema "isivunjwe" nikaishia hapo. Sikutaka. Neno la mjomba lisilo na ushahidi ni uvumi uliovaa kofia.

Somoe alikuwa na njia bora. Aliichora nyumba nzima kwenye kompyuta jinsi itakavyokuwa ikikarabatiwa, kwa namna ambayo mtu anaingia mlangoni, anakata kona, anapanda ghorofani. Kuta alizivika picha halisi alizozipiga mwenyewe, ili wazee waitambue nyumba yao.

Tatizo ni kwamba mashine yake haikuweza kuibeba. Picha ilikwenda kwa kushtuka na kuganda. Bakari alipoiona alicheka, akasema hata ndani ya kompyuta nyumba ile inakataa kusimama.

Mzaha huo ulinikaa moyoni. Bi Zuhura naye angeona kushtuka kule, angeona udhaifu wa nyumba, si wa mashine.

Fundi wa kompyuta mjini, Hamisi, alikuwa na kadi mbili za kuchorea picha, zilizoingia kwenye slot ya mashine ya Somoe. Alikubali tuzijaribu zote, tubaki na moja. Majina ya watengenezaji nayaacha makusudi, nisije nikaleta ushabiki humu. Tuziite A na B.

Hamisi alitushauri tuchukue A bila kupoteza muda.

"Mbili hamsini na sita ni mara mbili ya mia na ishirini na nane, mwalimu. Hesabu hiyo hata wewe huwezi kuibishia."

Nilimuuliza nani aliyemwambia kuwa hicho ndicho kipimo cha kasi. Akajibu kwamba kila mtu anajua. Huyo Kila Mtu nimemtafuta maisha yangu yote, sijapata kuonana naye.

Nikaomba makaratasi yaliyokuja na kadi, nikaketi.

Kadi A: memory MB 256, njia ya memory, yaani bus, ya biti 64, kasi yake MHz 400. Core, yaani kiini kinachochora picha, MHz 250; pipeline, yaani mikondo yake ya kuchorea nukta, nne.

Kadi B: memory MB 128, bus ya biti 128, kasi MHz 500. Core MHz 325, pipeline nane.

Sasa tukokotoe. Biti 64 ni baiti 8. Zidisha kwa milioni 400, unapata GB 3.2 kwa sekunde. Hicho ndicho kiasi ambacho A inaweza kukipitisha kati ya memory na core. Kwa B ni baiti 16 mara milioni 500, yaani GB 8.

Upande wa uchoraji, pipeline nne mara milioni 250 ni nukta bilioni moja kwa sekunde. Nane mara milioni 325 ni bilioni 2.6.

Kwa nadharia, basi, B inaizidi A zaidi ya mara mbili. Memory ni ukubwa wa ghala. Bus ni upana wa mlango wake. Hamisi alikuwa akisifia ghala bila kuutazama mlango.

Lakini nadharia nayo, isipopimwa, ni uvumi wa wasomi.

Tulizipima kwenye sebule ya mchoro ule. A ilitoa picha kama kumi na moja kwa sekunde, B ishirini na tano hivi. Haikufikia sawasawa uwiano wa makaratasi, ila ilikaribia. Nikamwambia Somoe kazi imekwisha.

Somoe hakuridhika.

"Mjomba, hiyo sampuli umeitoa mdomoni mwa gunia."

Kwa wasio wa kusini: anayenunua korosho kwa makini hatazami ujazo wa gunia. Anapasua sampuli aone kokwa. Naye huichukua juu, katikati na chini, kwa sababu muuzaji mjanja huweka nzuri juu. Sebule ilikuwa juu ya gunia.

Tukaizungukia nyumba nzima. Hapo ndipo nilipopata la kustaajabu.

Kadi A ilikwenda polepole, lakini haikusimama popote. Kadi B ilikwenda vizuri, kisha kila tulipoingia chumba kingine iliganda kabisa, ikazinduka, ikaendelea. Tuliporudi chumba cha kwanza, iliganda tena.

Nilishuku driver, programu inayoiendesha kadi, tukaiweka upya. Nikashuku joto, tukafungua ubavu wa mashine na kuelekeza feni. Hali ileile.

Hamisi alifurahi sana. "Si nilisema? Kubwa ni kubwa tu, mwalimu."

Nikarudia kuingia na kutoka vyumbani. Nilichokiona ni kwamba ukitulia chumbani, B haina shida. Shida ni kuingia. Nikamuuliza Somoe picha moja ya ukuta ina ukubwa gani.

Nukta 2048 kwa 2048, baiti nne kila nukta. Hiyo ni takriban MB 16. Kuta alizozivika picha zilikuwa kumi. MB 160!

Ghala la B halikutosha. Kila tulipovuka chumba, ilibidi picha zitolewe na nyingine ziletwe kutoka memory ya kompyuta, kwa njia iliyo nyembamba kuliko ile ya ndani ya kadi. A ilizimeza zote, ndiyo maana haikuganda. Hamisi alikuwa amepatia, ila kwa sababu asiyoijua.

Dawa ilikuwa rahisi. Ukigawa kila upande wa picha kwa mbili, MB 16 zinakuwa 4. Somoe alipunguza kuta tisa. Wa kumi, wenye kidaka alimokuwa akiweka taa marehemu mama yake, alikataa kuugusa. Jumla ikawa MB 52. B ikapita nyumba nzima bila kuganda. Tukabaki nayo.

Siku ya kisomo, baada ya dua na chakula, mashine iliwekwa mbele ya Bi Zuhura. Mzee Chilumba, mtani wetu, akasema mwacheni mwalimu, huyu hata uji huupima joto kabla ya kuunywa. Watu wakacheka.

Bi Zuhura hakucheka. Alimwelekeza Somoe kama anayemtuma ndani. Ingia. Kulia. Rudi. Pale kidakani. Sasa panda juu. Aligeuka-geuka bila utaratibu, na picha ilimfuata.

Kwenye ngazi akamzuia.

"Hii siyo. Vidato vilikuwa vipana, mtoto hupishana na mtu mzima. Nani kakwambia viko hivi?"

Somoe akajibu kuwa viliporomoka, alikisia.

"Usikisie nyumba yangu. Leteni futi twende tukapime alama zilizobaki ukutani. Na wewe Bakari, wewe ndiye utakayeshika ncha ya pili ya futi."

Futi ilipoletwa, Bakari aliinuka akaishika, na la kuvunja halikutajwa tena.

Ninachojifunza, wakuu, ni kwamba namba za kadi ni majibu. Anza na swali: kazi yako inahitaji ghala, au inahitaji mlango?

Aliyewahi kupima mwenyewe alete namba zake, aseme alizipimia kazi gani. Aliyesikia naye anakaribishwa, ila aanze kwa kumtaja aliyemwambia.