Saa ya Endasak Haisimami

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu humu ndani, kisha kicheko kinanikatika. Ni siku tuliyoshuka Babati na timu ya shule yetu kucheza mpira wa kikapu.

Kwanza nikueleze uwanja wetu, maana wewe ulizaliwa wenyewe ukiwa umeshalimwa. Ulikuwa hapa hapa Endasak, kwenye mteremko wa mlima, na chini yake shamba la maharage. Saa ilikuwa moja tu, ya mkononi, ya mwalimu wetu wa michezo, mzee mpole aliyekaribia kustaafu. Akishapuliza filimbi ya kuanza, saa ile haikusimama kwa jambo lolote. Mtu aanguke, ng'ombe wapite katikati, yeye anahesabu tu. Basi ukiwa unaongoza na mchezo unakaribia kwisha, dawa ni kuuvurumisha mpira maharageni. Mpaka watoto wautafute wauone, muda umekwisha, mmeshinda! Tuliita "kupeleka maharageni," na bingwa wake alikuwa Boay, rafiki yangu wa nyumba ya pili, mtoto pekee wa mama yake.

Kule Babati tukaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Boay akaupata mpira. Akanitazama, akacheka, akaurusha nje kwa nguvu zake zote, ukapita juu ya vichwa vya watu ukaangukia barabarani. Tukaruka, tukakumbatiana. Loo, tulishangilia wenyewe! Pale mezani mtunza saa alikuwa ameisimamisha saa mara tu mpira ulipotoka, na sasa alikuwa anakunywa soda yake taratibu, anasubiri. Mpira ukaletwa, wakapewa wapinzani, wakafunga. Tumefungwa.

Boay akalia. Tulipoanza kumgombeza, mwalimu alitukatiza.

"Nyamazeni. Saa ya Endasak imebaki Endasak. Kila uwanja una saa yake, na mgeni anaiuliza kabla hajagusa mpira. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho."

Neno lile Boay alilishika, pengine akalishika kupita kiasi. Akajifunza saa ya wakubwa. Enzi zile walicheza vipindi viwili vya dakika ishirini, na ukiwa na mpira una sekunde thelathini uwe umeshuti. Alipomaliza shule, timu moja ya Dar es Salaam ikamchukua, nasi tukamsindikiza hadi kwenye basi kwa nyimbo.

Ng'ombe wa mama yake nikabaki kumkamua mimi. Kila jioni mama ananiuliza, "Boay anasemaje?" Namjibu, "Anasema msimu ukiisha anakuja." "Haya. Mwekee maziwa." Tunaweka kwenye kibuyu, yanaganda, tunayanywa wenyewe, tunaweka mengine. Msimu ukaisha, ukaanza mwingine. Baadaye mama akawa haniulizi tena, ananyoosha kidole tu kwenye kibuyu.

Akaja, ndiyo. Nilikuwa zizini nikasikia sauti kutoka njiani, "Mama, shikamoo! Mama!" Amebeba sanduku, na kitenge kipya begani cha kumpa. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu tumzike, na ujumbe tuliotuma haukuwa umemfikia. Nilitoka nikampokea sanduku. Akatazama nyuma ya nyumba, akaona udongo mpya. Alikaa chini pale pale kwenye tope na viatu vyake vya mjini.

"Nilidhani saa imesimama," aliniambia. "Kule mpira ukitoka, kila kitu kinasubiri. Nilijua nitamkuta pale pale nilipomwacha."

Aliondoka baada ya siku chache na hakurudi tena Endasak. Nilimpoteza na yeye.

Sasa sikiliza, mwanangu. Juzi kwenye simu ulinieleza saa zenu za siku hizi. Kota nne za dakika kumi, Wamarekani kumi na mbili. Sekunde ishirini na nne za kushuti, na mpira ukigonga ringi mkaudaka wenyewe, mnapewa kumi na nne tu. Nikakuuliza, na shuleni je? Ukacheka, ukasema shule nyingine saa inakwenda tu hata mpira ukitoka, "kama yenu, Baba." Sikuelewa hata nusu, lakini nilitamani uendelee kueleza mpaka kuku walale. Kisha ukasema, "Baba, acha niwahi mazoezi. Msimu ukiisha nakuja."

Mh! Nilibaki na simu sikioni, haina mtu.

Tangu mama yako atangulie, ugali nasonga wa watu wawili, mkono umezoea. Ukungu ukishuka kutoka mlimani nafunga mlango mapema, namsimulia mbwa habari za shamba. Nina upweke, mwanangu. Mzee kusema hivyo si aibu, aibu ni kukudanganya kwamba sijambo.

Sikwambii uache mpira. Cheza, na kila ngazi utakayopanda uliza saa yake kwanza, usije ukashangilia peke yako kama sisi. Lakini hii ya nyumbani usiisahau kwa kuwa umezoea ile inayosimama. Huku ukitoka uwanjani hakuna anayeizuia. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo hawakumtaja anayengojewa, maana naye siku moja tumbo litamuuma. Usisubiri msimu uishe. Njoo hata kwa siku mbili, katikati ya mechi na mechi, uje mikono mitupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mungu akupe pumzi na magoti mazima, awape wenzako moyo wa kukupasia, na basi lako alifikishe salama. Ukifika njiani uniite kwa sauti, nataka kuitika mwenyewe. Maziwa nimeshaweka kwenye kibuyu.