Bawabu wa Alama ya Kuuliza

Umma unatangaziwa, kwa taadhima zote na kwa kipaza sauti kinachokoroma, kwamba mfanyakazi bora wa mwaka amepatikana! Ni fundi wa tovuti ya ofisi yetu, maarufu kwa jina la Bawabu. Tangu akabidhiwe mlango, hakuna mhuni aliyepenya. Mwenye mikono apige makofi.

Jina hilo lina kisa chake. Zamani tovuti yetu iliamini kila kitu: chochote ulichobandika baada ya alama ya kuuliza kwenye anwani yake, ilikimeza. Mtundu mmoja akabandika jina=Punda, na ukurasa ukafunguka: picha ya mkurugenzi, na juu yake, “Karibu, Punda.” Ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia mke wa mkurugenzi, ambaye inasemekana alicheka kuliko wote.

Mkurugenzi akamwita fundi.

“Neno lolote tusilolijua, lifukuzwe.”

“Lolote, bosi?”

“Na ukoo wake!”

Fundi angeweza kuyapuuza tu maneno mageni na kumwacha mtu apite. Lakini kupuuza hakuna sifa. Akaweka ujumbe mwekundu: Ombi lako si halali. Wenzake wakamwita Bawabu, naye akaitika kifua mbele.

Kisha ofisi ikatangaza nafasi za wauguzi. Dada mkubwa wa Bawabu, anayelala chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake, ni muuguzi mwenye cheti safi, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapigia watu pasi ili apate chochote. Nafasi hizo alizingoja kimyakimya. Hakumgusia mdogo wake, asije akaambiwa amepita mlango wa nyuma.

Dirisha la maombi lilipofungwa, Bawabu akamkuta na shati la jirani mezani.

“Dada, uliomba zile kazi?”

“Wamenikataa.”

“Nani? Mbona hata hawajaanza kusoma!”

“Simu. Kila nikibonyeza, si halali, si halali. Nikajua ni umri. Nikaacha.”

Bawabu akaichukua simu. Kiungo dada alikipata kwenye kundi la wauguzi wenzake mtandaoni, na mtandao ule hubandika mkia wake kwenye kila kiungo, baada ya alama ya kuuliza, ili ujue nani katokea wapi. Herufi na tarakimu tu, hazina ubaya na mtu. Bawabu aliutambua ujumbe mwekundu. Hata rangi aliichagua mwenyewe.

“Dada, si umri. Ni mimi.”

“Wewe?” Pasi ikabaki hewani. “Mdogo wangu, ungenifukuza nyumbani basi, ningeelewa.”

Asubuhi Bawabu akamvaa mkurugenzi.

“Bosi, wote waliotokea kwenye makundi ya mtandaoni tumewafukuza. Tufungue tena, hata siku moja.”

“Na ripoti je? Imeshakwenda juu: waombaji wachache, usumbufu hakuna. Niwaambie mlango ulikuwa mbovu?”

“Haukuwa mbovu. Ulifanya nilichouagiza.”

“Umeona? Ndiyo maana tunakutuza!”

Na ndiyo maana tumejaa ukumbini. Bawabu kakumbatia saa ya ukutani aliyotunukiwa, na mkurugenzi anamsogezea kipaza sauti.

“Haya, Bawabu, waambie wenyewe! Mwaka mzima, kuna asiyetakiwa aliyeingia?”

“Hakuna,” akasema Bawabu. “Hata dada yangu hakuingia.”