Isale Halikataliwi

Jumamosi asubuhi nafungua geti pale kwangu Lemara nikamwage maji ya deki, nakuta mtu amepiga magoti.

Mkononi ana jani la isale, limefungwa fundo.

Kwa msiotoka huku Meru: isale ni ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba. Mtu akikuletea jani lake, anakuomba msamaha. Na isale halikataliwi. Hata kama alikuchomea nyumba, ukiletewa unapokea, yameisha.

Sasa aliyepiga magoti ni Elieshi. Ndugu zangu, nilichoka.

Huyu dada alifukuzwa kazi kwa sababu ya kampeni yangu.

Naitwa Hanna, natetea haki za wanawake makazini. Kuna shamba moja la maua upande wa Tengeru, msimamizi wa chumba cha kupakia alikuwa anawasumbua akina mama. Ukimkatalia, anakupeleka chumba cha baridi ukashinde na mawaridi, bila koti. Wote walikuwa wanalia pembeni. Kusema hadharani, hakuna.

Elieshi peke yake ndiye aliyekubali, tena baada ya mimi kumbembeleza hadi mate yakanikauka.

"Dada Hanna, wakinijua nimekwisha. Wanangu wanakula kwa kazi hii."

"Hakuna atakayekujua. Mimi niko upande wako."

Nikamrekodi, sauti nikaibadilisha. Nikampiga picha bila kichwa, mikono tu juu ya mapaja. Nikaposti.

Ikasambaa balaa! Pongezi zikamiminika, nikaitwa kwenye semina mjini, nikapigiwa makofi nikayapokea yote.

Wiki haijaisha, Elieshi kafukuzwa. Msimamizi yuko palepale, anadunda.

Halafu leo ndiye anayekuja kuniomba msamaha mimi?

"Inuka basi, Elieshi. Una kosa gani?"

"Mimi ndiye niliyeharibu, dada. Nilimwambia Magdalena, yule tunayeimba naye kwaya. Kaka yake ni mlinzi kule shambani. Siri imepitia hapo. Nimeshamfukuza kwangu, hata salamu hatupeani. Nisamehe, ulihangaika sana kwa ajili yetu."

Niseme ukweli? Nilisikia nafuu. Kumbe si mimi!

Nikapokea isale, nikajifanya mkubwa. "Yameisha, mdogo wangu." Nikamwongezea na ushauri juu ya kutunza siri, fikiria.

Akashukuru, akageuka kuondoka. Ndipo nikakiona kitenge alichojifunga.

Cha kijani, kina maua ya njano. Sare ya kwaya yao ya akina mama.

Nikatoa simu, nikaifungua ile picha. Mikono imetulia juu ya mapaja. Mapaja yamefunikwa kitenge cha kijani, chenye maua ya njano.

Shamba zima wanamjua kwa kitenge hicho. Kila Jumamosi alikuwa anaenda nacho kazini ili akitoka aunganishe na mazoezi ya kwaya. Aliwahi kuniambia mwenyewe, tena siku hiyohiyo ya picha. Nikaficha uso, nikawaachia sare.

Alikuwa hajafika hata kwenye kona. Ningemwita angesikia.

Sikumwita.

Siku nzima lile isale liko mezani. Nilijiona mwizi aliyeombwa radhi na mwenye mali.

Jumapili nikaifuta picha. Nikapita kwa shangazi yangu Tengeru, nikakata isale mpakani kwake, nikapandisha kwa Elieshi. Nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Akaacha kumenya.

"Kwa hiyo Magdalena nimemwonea bure."

"Ndiyo."

"Na jana ukapokea isale langu."

"Wakati napokea nilikuwa sijajua. Ulipogeuka ndiyo nikajua. Nikanyamaza."

Akalitazama jani langu. Hakulishika.

"Umekuja nalo kwa sababu unajua siwezi kulikataa," akasema taratibu. "Na siku ile ya picha ulijua hivyohivyo. Wewe dada hulazimishi mtu kwa ukali. Unalazimisha kwa upole."

Nimetukanwa na mabosi wengi kwenye kazi hii, sijawahi kuumia namna ile. Niliumia kwa sababu ni kweli tupu.

Nikalirudisha isale kwenye mkoba.

"Basi nakuomba bila isale. Unaweza kukataa."

"Bado," akasema. "Twende kwanza kwa Magdalena. Ukamwambie wewe, kwa mdomo wako."

Tukaenda, nikasema. Magdalena alilia, Elieshi akalia, wakakumbatiana. Mimi nimesimama mlangoni, sijui hata mikono niiweke wapi.

Sasa hivi tumefungua shauri arudishwe kazini. Safari hii kila hatua namuuliza kwanza. Kuna mambo mawili matatu amesema hapana, na imebaki hapana, japo mwanasheria amenuna.

Wanaharakati wenzangu, na wewe unayependa kusaidia watu: unapompigania mtu haki yake, usianze kwa kumnyang'anya ile ya kukataa. Aliyekubali kwa kukuonea haya hajakubali.

Kabla ya kuposti hii nilimsomea Elieshi mwanzo hadi mwisho. Majina yote tumebadilisha, mpaka langu. Shamba haliko upande niliousema.

Na kitenge si cha kijani, wala hakina maua. Rangi yake sitaitaja maishani.

Kuposti, ameniruhusu.

Msamaha, bado.